Siku niliyogundua kuwa mimi si steringi

Ndugu msomaji, hebu leo nianze na kibanda cha video.

Waliokulia Singida mjini kama mimi wanakijua. Chumba cha matope au mabati, mabenchi ya mbao, deki moja, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, na jua la saa nane likipenya kwenye matundu ya misumari. Kiingilio shilingi hamsini, siku ya sikukuu mia. Picha za Kihindi ndizo zilizokuwa zinajaza watu. Hatukuelewa neno hata moja, isipokuwa siku mwenye kibanda alipopata mkanda uliotafsiriwa na Lufufu, hapo ilikuwa raha juu ya raha. Lakini hata bila Lufufu tulijua mambo mawili ya msingi: yupi ni steringi, na yupi ni adui. Adui alikuwa na masharubu, farasi au gari, na watu wa kumshikia mwavuli. Steringi alikuwa mtoto wa maskini. Na steringi hafi!

Nikakua, nikaenda Mlimani kusoma, nikarudi nyumbani kuwa mwandishi wa gazeti. Sikujua kuwa kuna siku picha ya Kihindi itanikamata shati na kuniuliza: wewe je, unadhani uko upande gani?

Ilikuwaje? Baada ya dunia nzima kuchezeshwa na wimbo wa filamu ya RRR, ule uliopata tuzo ya Oscar mwaka 2023, rafiki yangu mmoja niliyesoma naye alinipigia simu kunicheka. Akaniambia wewe unajua filamu za Kitelugu za kurukaruka tu. Kwani hujui kwamba kuna nyingine? Wiki iliyofuata akanitumia flashi kwa basi, ndani yake kuna filamu moja tu, yenye maandishi ya Kiingereza chini.

Inaitwa Maa Bhoomi. Kwa Kiswahili ni "Ardhi Yetu". Imetengenezwa mwaka 1979, haina rangi, na mwongozaji wake ni Goutam Ghose, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza ya hadithi. Msingi wake ni riwaya ya mwandishi Krishan Chander. Inahusu Telangana, sehemu ya India iliyokuwa chini ya mfalme wa Hyderabad aliyeitwa Nizam, katika miaka ya 1940.

Huko Telangana mwenye ardhi aliitwa dora. Huyu dora alikuwa na maelfu ya ekari, na watu wa kijiji walikuwa kama vyombo vyake vya nyumbani. Walimfanyia kazi bila malipo, mfumo uliokuwa unaitwa vetti. Mfinyanzi atoe vyungu bure, dobi afue bure, mkulima alime shamba la dora kwanza ndipo aende kwenye lake. Wakati wa njaa dora anakukopesha nafaka, na deni linaandikwa kwenye daftari. Wewe hujui kusoma. Yeye ndiye anayejua umebakiza kiasi gani. Deni la baba linarithiwa na mtoto.

Steringi wa filamu anaitwa Ramaiah, mtoto wa mkulima. Anampenda binti mmoja, lakini binti huyo naye hawezi kumkatalia dora. Ramaiah anaondoka kwa hasira, anakwenda mjini Hyderabad, anavuta watu kwenye rikisho, kisha anapata kazi kiwandani. Huko anakutana na mtu wa chama cha wafanyakazi, na huko ndiko anakojifunza kusoma. Anaporudi kijijini, anarudi mtu mwingine.

Hii si hadithi ya kubuni tupu. Uasi wa wakulima wa Telangana ulikuwapo kweli, kuanzia 1946 hadi 1951, ukiongozwa na wakomunisti. Wakulima walifukuza makabaila, wakagawana mashamba, wakachoma hati za madeni. Kwa hesabu za viongozi wa uasi wenyewe, vijiji karibu 3,000 vilijitawala na ekari kama milioni moja ziligawanywa. Septemba 1948 jeshi la India huru likaingia, Nizam akasalimu amri. Ungetegemea wakulima washangilie, sivyo? Lakini jeshi hilo hilo likageukia wakulima, na wengi wa makabaila wakarudi nyuma yake. Katika filamu, dora aliyekimbia anarejea kijijini akiwa sasa mtu wa serikali mpya. Nguo imebadilika, mtu ni yule yule.

Niliitazama usiku, peke yangu, kwenye kompyuta ya mapajani. Nakiri nilishangilia kama niko kwenye benchi la kibandani. Nilipozima nikajisemea, tushukuru Mungu, kwetu hakuna makabaila.

Na kweli, tukisoma historia, tuna haki ya kujisifu kidogo. Kule Kagera ulikuwapo mfumo wa nyarubanja, watu wakilima ardhi ya bwana na kumlipa kodi. Bunge liliufuta kwa sheria ya mwaka 1965, na nyingine ya 1968. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ya mamwinyi ilitaifishwa na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Waliosoma Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, kitabu cha mwaka 1978, watakumbuka mtumishi wa nyumbani na bwana wake walivyoishi kabla ya hapo. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zinasema ardhi yote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu. Sasa kabaila atatoka wapi?

Hapo ndipo nikakumbuka Hanang.

Ukitoka Singida kwa barabara ya Arusha, hata saa mbili hazifiki unauona mlima Hanang umesimama kama mzee aliyevaa blanketi. Upande wa Basotu kuna tambarare nzuri, nyeusi, yenye rutuba. Hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, hawa ambao sisi huku Singida tumezoea kuwaita Wamang'ati. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianzisha huko mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO, Kanada ikitoa fedha, mashine na wataalamu. Mashamba yakapanuka mpaka kufikia takriban ekari 100,000. Wafugaji wakaondolewa kwenye malisho yao bora. Hata makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu, yalipitiwa na trekta.

Wabarabaig hawakushika bunduki kama Ramaiah. Walikwenda mahakamani. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na watu wengine 67 waliishitaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Mwaka 1984 wakashinda! Shirika likakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha ushindi wao juu ya ardhi ile. Kijiji kilishindwa kuthibitisha kwamba kilikuwa kimegawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu, na wanakijiji wakashindwa kuthibitisha haki yao ya kimila kwa namna mahakama ilivyotaka.

Niliwahi kuisoma hukumu hiyo nilipokuwa naandika habari za migogoro ya ardhi. Wakati ule niliiona kama kesi ya kisheria tu. Baada ya Maa Bhoomi niliisoma tena kwa jicho jingine. Kule Telangana mwenye ardhi alikuwa mtu mwenye masharubu. Hanang mwenye ardhi hakuwa mtu. Alikuwa shirika la umma, la nchi ya wakulima na wafanyakazi, lenye nia njema ya kutulisha mkate. Lakini jambo moja lilikuwa sawasawa kabisa: upande mmoja ulikuwa na karatasi, upande mwingine ulikuwa na miguu iliyokanyaga ardhi ile kwa miaka na kumbukumbu za wazee. Karatasi ikashinda.

Nikapata hasira. Nikachukua kalamu, nikaanza kuandika makala kali, nikamtaja dora, nikaitaja Hanang, nikasema wasomi tuwe upande wa wanyonge. Aya tatu zilikuwa zimekamilika, tamu kweli kweli. Nikiwa natafuta daftari langu la kumbukumbu kwenye begi, ikadondoka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ndugu msomaji, hapa sasa ndipo penye aibu.

Januari 2023 mzee mmoja wa kijijini kwetu, jirani wa mama yangu, alinifuata. Mnajua Januari ya Singida. Ghala limekwisha, mvua ina mizengwe, na mazao bado mabichi. Mke wake alikuwa amelazwa na alihitaji fedha. Akaniomba laki tatu. Nikampa. Naye akaniachia shamba lake la ekari tatu nililime mpaka atakapolipa. Mimi ndiye niliyeandika makubaliano, maana ndiye msomi. Tukaweka sahihi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mzee akaweka dole gumba. Kila mtu akasema nimefanya jambo la kiungwana. Hata mimi niliamini hivyo. Hata riba sikumtoza!

Nikalima alizeti misimu miwili. Usiku ule, mwanga wa kompyuta ukiniangalia usoni, nilipiga hesabu kwa mara ya kwanza. Gunia 34, kwa wastani wa elfu arobaini, ni 1,360,000. Trekta, mbegu, palizi, kuvuna na usafiri ni 620,000. Nilibakiwa na 740,000. Kwa hiyo laki tatu yangu ilikuwa imerudi, ikazaa laki nne na elfu arobaini, na bado mzee alikuwa anadaiwa laki tatu ile ile, na bado shamba lilikuwa langu.

Bado kuna linaloniuma zaidi. Msimu wa pili nilitafuta vibarua wa palizi, elfu thelathini kwa ekari. Waliojitokeza ni yule mzee na mke wake. Walipalilia ekari zote tatu. Nikawalipa elfu tisini taslimu, siku ile ile, nikajiona mwajiri mwema. Mtu anapalilia shamba lake mwenyewe kama kibarua, na mimi nimesimama kivulini, nimevaa kofia, napiga picha za alizeti kuwatumia marafiki.

Masharubu sina. Farasi sina. Lakini mtoto yeyote wa kibandani angenitambua mara moja.

Makala ile kali sikuimaliza. Jumamosi nikapanda basi kwenda kijijini. Nilianzia kwa mama, kwa sababu kwetu huwezi kufanya jambo la ardhi bila kumwambia mama. Nikamwambia nataka kurudisha shamba na kufuta deni. Aliacha kupepeta.

"Kuna mtu alimlazimisha?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Baba yako alipougua tuliuza ng'ombe wanne kwa bei ya kuku. Nani aliturudishia?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Na hayo mahari utatoa nini? Mshahara wenyewe unalipwa leo, kesho unakopa."

Nakiri, hilo lilinigusa. Fedha ya alizeti ya msimu uliofuata nilikuwa nimeshaipangia kazi, na kazi yenyewe ndiyo hiyo ya mahari. Nilitembea kwenda kwa mzee huku moyo mmoja ukisema geuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwandishi. Karibu kigoda."

Jina langu hapo kijijini ni "mwandishi". Nilizoea kulisikia kama sifa. Nikatoa karatasi, nikamwambia nimekuja kumrudishia shamba lake na kwamba deni limekwisha. Hakuruka kwa furaha kama nilivyotegemea. Aliishika ile karatasi, akaigeuza juu chini, kisha akanirudishia.

"Siku ile ulinisomea haraka haraka," akasema. "Leo nisomee taratibu."

Nikasoma. Nilipofika katikati ulimi ukawa mzito. Niliandika kwamba shamba litabaki mikononi mwangu "mpaka hapo fedha yote itakaporejeshwa kwa mkupuo mmoja". Kwa mkupuo mmoja! Nikakumbuka kuwa baada ya mavuno ya kwanza mzee alikuja mjini na laki moja na nusu kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwambia kwa upole sana kwamba makubaliano ni makubaliano, aje ikikamilika. Fedha ile ikaliwa na ada na njaa, kama fedha yoyote ya maskini inavyoliwa ikikaa nyumbani.

"Hilo neno la mkupuo," mzee akauliza, "mimi nililisema?"

"Hapana, mzee. Niliandika mimi."

"Kwa nini?"

Ndugu msomaji, sikuwa na sababu. Niliwaza sana njiani na mpaka leo nawaza. Sikukaa chini nikapanga kumnyang'anya mtu shamba. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mwenzangu hakujua kusoma, na kalamu ikaandika kile kinachomfaa mwenye kalamu. Ilikuwa rahisi hivyo. Nadhani hata karani wa dora, siku ya kwanza, hakujiona mtu mbaya.

Mzee alichukua karatasi, akaikunja upya mara nne, akaiweka mfukoni. Nilimwambia ningeichana. Akakataa. Akasema mjukuu wake yuko darasa la tano, ataisoma, ili ajue maneno ya namna hiyo yakoje kabla hajaweka dole gumba popote. Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji, tukaandika karatasi nyingine fupi, safari hii mjukuu akaisoma kwa sauti mbele yetu wote. Alikwama kwenye neno "kurejesha" tu.

Laki nne na elfu arobaini ya ziada? Hapo bado sijawa steringi. Nusu yake nimempa kwa mafungu mawili. Nusu nyingine niliitumia zamani. Mzee anajua, mama anajua, na sasa na wewe unajua.

Sasa nawauliza wenzangu wenye digrii, walimu, wauguzi, maofisa, waandishi. Ni wangapi kati yetu tuna "kashamba" kijijini tulikokapata Januari? Ni wangapi tulinunua ekari tano kwa bei ya pikipiki kuukuu kwa sababu mwenye shamba alikuwa na mgonjwa? Tunapokutana mjini tunaita "fursa". Kila wiki tunalalamika juu ya vigogo wanaohodhi maelfu ya ekari, na tuna haki ya kulalamika. Lakini kabaila mkubwa huanza akiwa mdogo, na mdogo wake ni mtu kama mimi, mwenye nia njema na mwandiko mzuri.

Sisemi watu wasikopeshane. Januari itakuja tena na wagonjwa watakuwapo. Ninachosema ni kidogo tu: ukimwandikia mtu karatasi, msomee taratibu. Mruhusu alipe kidogo kidogo. Piga hesabu ya ulichovuna kabla hajaja kukuuliza, maana huenda asije kuuliza kabisa. Na ukimkuta anapalilia shamba lake kwa ujira wako, rudi nyumbani ukatafakari.

Flashi ya rafiki yangu bado ninayo. Mwezi ujao naipeleka kijijini. Kuna kijana amefungua kibanda cha kuonyesha mpira, ana skrini kubwa. Lufufu hatupo naye, kwa hiyo kazi ya kutafsiri nitaifanya mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya watu. Mzee ameahidi kuja. Ameniuliza kama steringi anakufa mwishoni. Nimemwambia njoo uone.